Spika Bubu za Leonel Varandas

Mara ya tatu Leonel Varandas alipoingia dukani kwa Adérito na boksi kwapani, hakusalimia mtu. Alilitua juu ya kaunta, akalifungua, akatoa spika mbili ndogo, kila moja sawa na kifuniko cha chupa, akazipanga mbele ya mwenye duka kama mtu anayeweka vielelezo mahakamani.

"Na hizi pia ni bubu," akasema.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko hapo mjini Estremoz, na duka lilikuwa na watu. Wanaume wawili waliokuwa wakisubiri redio ya gari lao walikata mazungumzo, wakatazamana. Leonel aliwaona. Miezi ya karibuni alikuwa amewaona watu wengi wakitazamana namna ile, kazini, mgahawani, hata kanisani: midomo inacheza, halafu akigeuka inafungwa.

Adérito alikuwa mtu mnene, mpole, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Mwezi Mei alikuwa amemuuzia Leonel seti ya kwanza: spika kubwa mbili za milangoni zenye koni ya karatasi ngumu, twita mbili za hariri, yaani spika ndogo za mlio mwembamba, za kubandika pembeni mwa kioo cha mbele, na visanduku viwili vya kugawa sauti, ili mlio mzito uende chini na mwembamba uende juu. Kabla ya kumuuzia alimketisha, akamweleza kwa subira kwamba uzuri wa spika haumo kwenye wati zilizoandikwa juu ya boksi. Umo kwenye koni, kwenye sumaku, na kwa fundi anayejua kuziba matundu ya mlango usitetemeke. Leonel aliitikia kwa kichwa. Wiki moja baadaye alirudi akilalamika kwamba kwaya yake, ile ya wanaume aliyokuwa akiimba nayo na ambayo aliirekodi mwenyewe, inaimba kama watu waliojaza mkate mdomoni. Akaongeza pesa, akapewa seti ya bei kubwa zaidi. Nayo akairudisha. Mara hiyo alidai twita za chuma, na Adérito alimwonya waziwazi kwamba kwenye gari dogo kama lake zitamtoboa masikio.

Sasa zilikuwa pale kaunta, na hazikuwa zimemtoboa chochote.

Adérito hakubishana. Alivaa miwani, akasoma namba zilizopigwa nyuma ya twita, akaiunga moja kwenye amplifaya ya majaribio. Leonel aliinamisha kichwa. Alisikia kitu mfano wa mchanga unaomwagwa mbali sana, kisha hata huo mchanga ukakata. Mmoja wa wale wanaume wawili alikunja uso na kurudi hatua nyuma. Leonel aliona kwamba anaigiza.

"Inafanya kazi, Bwana Leonel," alisema Adérito. "Inafanya kazi kupita kiasi."

"Umenipa feki. Sema tu tujue moja. Karibu euro mia nne na unanipa feki."

Adérito alivua miwani. Alinong'ona neno moja au mawili akitazama kaunta. Leonel akamuuliza amesemaje, na yule akainua uso, akasema kwa sauti kubwa, ile wanayosemeshwa vikongwe, kwamba aende popote atakapo, Évora, Lisboa, wakazipime, na zikionekana feki atamrudishia mara mbili. Wale wawili walitazama sakafu. Leonel alirudisha twita ndani ya boksi moja baada ya nyingine, polepole, ili wasidhani anakimbia. Alikuwa na hakika kwamba maneno ya kwanza yalikuwa mafupi kuliko hayo, na kwamba yalikuwa tusi.

*

Nyumbani alimkuta mkewe, Graciete, akikata mkate wa jana kwa ajili ya migas, mkate wa kukaanga na vitunguu saumu. Alimweleza. Graciete, ambaye alikuwa mpishi wa shule ya msingi na aliyezoea kuongea huku mikono ikifanya kazi, alijibu kitu akiwa amempa mgongo.

"Unanong'ona tena," alisema Leonel.

Aligeuka. "Nimesema, mimi zilinipendeza. Nilikaa garini juzi nikawasha ile rekodi yenu. Mpaka pumzi zao nilizisikia, wakivuta hewa kabla ya kuanza."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

Graciete aliweka kisu chini. Leonel hakutaka kusema alichokuwa nacho moyoni, lakini kilikuwa kimemkaa tangu Alhamisi, siku aliyoambiwa na muuza magazeti kwamba Bi Graciete alionekana akitoka dukani kwa Adérito. Graciete alikuwa amesoma darasa moja na Adérito. Hakuwa na redio ya kutengeneza wala gari la kwake. Sasa akamuuliza, alikwenda kutafuta nini kule. Mkewe aliona haya, uso ukamwiva, akasema alikuwa anapita tu.

Basi hilo likamtosha. Waliungana. Mmoja anauza feki, mwingine anamsifia ili mume asirudishe. Hakuweza kusema faida yao ni nini, ila alishajifunza kwamba watu hawahitaji faida kubwa ili wakucheke. Kwenye kwaya pia walianza hivyo. Miaka miwili iliyopita walimwambia anaingia kwa kuchelewa na sauti yake inapanda mno. Yeye, aliyebeba sauti ya juu kwa miaka kumi na tisa. Akawaachia sare yao, kofia na kizibao, akaondoka.

Halafu machimboni. Leonel alikuwa fundi wa msumeno wa waya kwenye machimbo ya marumaru, shimo la mita themanini kwenda chini, na siku kumi na mbili zilizopita loda, lile trekta kubwa la kubebea mawe, lilirudi nyuma likataka kumbana ukutani. Aliokolewa na kivuli cha loda tu. Aliona jiwe jeupe linaingia giza mbele yake, akaruka. Dereva alikuwa Mmoldova, Anatolie, mtu wa maneno machache. Aliapa kwamba king'ora cha kurudi nyuma kilikuwa kinalia muda wote. Wenzao wawili waliokuwa karibu walikuwa wamevaa vizibo vya masikio na msumeno ulikuwa unanguruma, hawakuweza kusema lolote. Kilipopimwa baadaye, king'ora kililia vizuri, lakini kila mtu anajua madereva wengine hukichomoa waya kwa kuchoshwa nacho, wakakirudisha mambo yakiharibika. Kati ya Leonel wa miaka ishirini na saba kazini na mgeni wa miaka mitatu, msimamizi hakuwa na kazi ngumu ya kuchagua. Anatolie alirudishwa nyumbani bila mshahara. Jumatatu ilikuwa kikao. Leonel alitakiwa kutia sahihi maelezo yake, na yule mtu angefukuzwa.

"Mkewe anafanya usafi pale shuleni," Graciete alikuwa amemwambia wiki ile. "Hanisalimii siku hizi."

"Asikusalimie. Mumewe nusura aniue."

Sasa, mbele ya mkate uliokatwa, Leonel alimwambia mkewe avae viatu. Wanakwenda Évora. Huko Adérito hana rafiki, na Graciete atakaa ndani ya gari hilohilo, mbele ya mtu asiyemjua, aseme tena alichokisema. Graciete akafunika mkate kwa kitambaa, akaenda kuvaa.

*

Duka la Évora lilikuwa karakana pana yenye mlango wa kukunja, nje ya kuta za mji. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, Ivone, nywele kazifunga kwa waya wa plastiki wa kufungia nyaya. Leonel hakumpa jina la Adérito mpaka alipomuuliza kwanza kama anamjua muuza spika yeyote wa Estremoz. Ivone akasema anamjua mmoja kwa jina. Leonel akatikisa kichwa kama mtu aliyekwishajua.

Hata hivyo Ivone alifanya kazi yake mbele ya macho yao. Alifungua mlango wa gari, akaona matundu yamezibwa vizuri kwa mikeka ya lami, akasifu. Alirudisha twita mahali pake, akapima kila kisanduku kwa mita. Akalinganisha namba na orodha aliyokuwa nayo kwenye simu. Akasema ni seti halali, kila kipande, na aliyeifunga ni fundi. Yeye mwenyewe asingeweka chuma kwenye gari dogo hivi, lakini hilo ni suala la masikio ya mtu.

"Basi mbona hazilii?"

Ivone alimtazama, kisha akamtazama Graciete. Leonel aliliona hilo pia.

"Tufanye hivi," alisema Ivone. "Kaeni ndani wote wawili. Nitapiga mlio mmoja, nitaupandisha taratibu kutoka mzito kwenda mwembamba. Mtu ainue mkono. Ukiacha kuusikia, shusha."

Leonel alikaa mbele, Graciete nyuma. Ule mlio ulianza chini, ukatikisa milango, akausikia mpaka mifupani, akafurahi. Ukapanda. Ukawa kama filimbi, ukawa kama mbu, ukakonda, ukapotea. Akashusha mkono. Ivone hakufanya kitu, aliendelea kutelezesha kidole juu ya simu. Leonel alitazama kioo cha kati. Mkono wa mkewe ulikuwa bado juu. Akahesabu moyoni mpaka ishirini. Bado ulikuwa juu, na Graciete alikuwa akitazama dirishani ili asikutane na macho yake.

Alifungua mlango akatoka.

"Mnanifanya mtoto," alimwambia Ivone. "Umeshazima, na yeye kakaa kanyoosha mkono. Mlipigiana simu lini, nyinyi?"

"Sijazima, bwana."

"Haya, ongeza. Fungua mpaka mwisho, milango yote wazi. Nataka nimwone anayedanganya."

Ivone alisita. Graciete, kutoka ndani, alimwambia afanye anavyotaka. Ivone akaongeza.

Leonel alisimama kwenye jua la Julai katikati ya kimya. Aliwatazama mmoja mmoja. Graciete alikuwa ameziba masikio kwa viganja. Ivone alikuwa amekunja uso. Kila mtu alicheza sehemu yake. Kivulini, karibu na mlango wa kukunja, mama mmoja kijana alikuwa akisubiri gari lake, na mbele yake kigari cha mtoto, na mtoto ndani yake amelala tangu walipofika, kichwa upande, mdomo wazi.

Yule mtoto alishtuka. Mikono yote miwili ilirushwa juu kwa wakati mmoja, macho yakafunguka, uso ukajikunja, akalia. Mama yake alimfunika masikio kwa mikono yake na kumpigia Ivone kelele aache upuuzi huo. Kilio cha mtoto Leonel alikisikia. Kilichomwamsha hakukisikia. Hata Ivone alipozima, alijua kwa kuona kidole chake tu.

Mtoto hakuwa na hata mwaka. Hakumjua Adérito.

Leonel alikwenda mpaka ukingo wa barabara, akakaa juu ya jiwe la pembeni kama mlevi. Baada ya muda Graciete alikuja akakaa naye. Hakumshika. Alikaa upande wa kulia kwake, na ndipo Leonel alipotambua kwamba ni miaka sasa mkewe hukaa upande huo, mezani, kanisani, kitandani, na kwamba huo ndio upande wa sikio lake yeye lililo zima zaidi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miaka miwili. Labda mitatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukasema nanong'ona makusudi." Alinyoosha sketi yake magotini. "Alhamisi nilikwenda kwa Adérito kumwomba asikudharau mbele ya watu ukirudi. Akaniambia nikupeleke kwa daktari wa masikio. Nikaogopa kukwambia na hilo."

Magari yalipita. Leonel aliyatazama magurudumu yao.

"Lile loda," alisema. "Likirudi nyuma, mlio wake ukoje?"

 Graciete aliijua hesabu iliyokuwa ikifanyika kichwani mwa mumewe, maana yeye mwenyewe alikwisha kuifanya, jikoni shuleni, huku mke wa Anatolie akipiga deki bila kumtazama.

"Mwembamba," alisema mwisho. "Unachoma. Siku ile nilipokuletea dawa ya mgongo, niliusikia toka getini."

*

Njia nzima ya kurudi hawakuwasha rekodi. Karibu na Estremoz Graciete alisema, akitamka kila neno na uso wake ukimwelekea, kwamba asifanye haraka. Wamwone daktari kwanza. Akisema Jumatatu, watamtoa msumenoni siku hiyohiyo; ana miaka hamsini na sita, nani atampa kazi nyingine? Labda maelezo yaandikwe kwa upole. Labda aseme hana hakika.

Leonel alimkumbusha kwamba ni yeye, Graciete, aliyemletea habari za mke wa Anatolie.

"Najua nilichosema," alijibu Graciete. "Na naogopa. Vyote viwili."

 Jumapili Leonel alikaa garini mbele ya nyumba, milango imefungwa, akapiga ile rekodi ya kwaya tangu mwanzo hadi mwisho akitazama mbele. Graciete alimwona kutoka dirishani. Alipoingia ndani kula, alisema tu kwamba wale wenzake wa kwaya walikuwa na haki kumwambia anachelewa.

*

Ofisi ya machimbo ilikuwa kontena lenye feni. Msimamizi, Silvério, mtu aliyeanza naye kazi mwaka uleule, alikuwa na karatasi tayari mezani na kalamu juu yake. Anatolie alikuwa amesimama karibu na mlango, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Hakuna aliyempa kiti.

Silvério alisoma maelezo kwa haraka, kichwa kikiwa chini. Leonel alisikia vipande: saa nne asubuhi, ukuta wa mashariki, bila ishara yoyote. Karatasi ikasukumwa mbele yake.

"Siwezi kusaini," alisema. "Huyu alipiga king'ora. Mimi ndiye sisikii."

Silvério alitabasamu kidogo kama mtu aliyetaniwa. Kisha tabasamu likaondoka. Alimwomba Anatolie asubiri nje, akafunga mlango, akaja kukaa juu ya meza karibu na Leonel.

"Wamekupa nini?" aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, Leonel. Mkewe na mkeo wako pamoja pale shuleni. Wamekuja nyumbani kukulilia? Wiki mbili unaniambia hakupiga kitu, unaapa, leo umekuwa kiziwi? Kiziwi mbona unanijibu?"

Leonel alimweleza. Habari ya spika, ya Évora, ya mtoto kwenye kigari. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mwenyewe jinsi hadithi ilivyo ya kipuuzi, na aliona usoni mwa Silvério ile sura aliyokuwa akiwapa watu wengine kwa miaka miwili: sura ya mtu anayengoja uongo umalizike. Ilimwuma kuliko alivyodhani. Silvério akauliza atamwambia mkurugenzi nini, kwamba fundi wake wa msumeno amegundua ukiziwi dukani kwa redio?

"Twende chini," alisema Leonel.

Walishuka shimoni, Silvério mbele, Anatolie nyuma, na wafanyakazi walizima msumeno wa waya walipowaona wakija. Leonel alikwenda kusimama palepale, ukuta wa mashariki, uso ukiielekea marumaru, mgongo ukilielekea loda lililoegeshwa hatua thelathini nyuma. Alimwambia Silvério amwambie Anatolie apande, aweke gia ya kurudi nyuma, aje, asimame akiambiwa. Yeye akisikia king'ora atainua mkono. Kisha akafumba macho ili kivuli kisimsaidie.

Alingoja. Alihisi injini imewaka. Huo ulikuwa mlio mzito, aliujua. Alisikia maji yakichuruzika kwenye bomba la msumeno, au alikumbuka kwamba huwa yanachuruzika. Alitega masikio kama hajawahi kuyatega maishani mwake, na kwa mara ya kwanza hakumlaumu mtu kwa asichokisikia. Ardhi ilianza kutetemeka chini ya buti zake. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Akasema moyoni, bado hawajaanza.

Mkono ulimshika bega kwa nguvu ukamvuta pembeni. Alifumbua macho. Sehemu ya nyuma ya loda ilikuwa umbali wa kitanda kutoka alipokuwa amesimama, na Silvério, ambaye ndiye aliyemvuta, alikuwa mweupe kama ukuta. Wenzao waliokuwa karibu na msumeno walikuwa wameziba masikio.

 Silvério aliikunja mara mbili ile karatasi ya maelezo aliyoshuka nayo, akaitia mfukoni, akasema Anatolie arudi kazini na siku zake zote alipwe. Kwa Leonel alisema, akisogeza mdomo sana, kwamba apande juu, avue helmeti, asishuke tena mpaka daktari aandike, na kwamba atajaribu kumtafutia nafasi kwenye uwanja wa kung'arishia mawe, ingawa kule malipo si ya hapa na hamwahidi kitu.

Anatolie alikuwa ameshuka kutoka kwenye loda. Alikuja mpaka karibu sana, kofia tena mkononi, shati lake lililopigwa pasi limeshalowa jasho mgongoni. Leonel alidhani atamshukuru, au atampa mkono, na alikuwa ameanza kunyoosha wake. Yule mtu alisema jambo kwa sauti ya chini, kwa lafudhi yake, midomo ikisogea kidogo tu.

Zamani Leonel angeitikia kwa kichwa, aondoke, ajazie mwenyewe alichotukanwa.

"Sikukusikia," alisema. "Rudia."

Anatolie alimtazama machoni, akavuta pumzi, akarudia kwa sauti iliyopanda kuta zote za shimo mpaka juu ukingoni.

"Nimesema siku ile ungekufa. Ungekufa, na mimi ningefungwa, na hakuna hata mmoja hapa angeniamini."

"Ndiyo," alisema Leonel. Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa, na Anatolie hakuupokea. "Ndivyo ingekuwa."